Mashine Haijafa

Jumapili, 5 Septemba 1993

Lea ametoka sasa hivi kumwagia kuku kikombe cha maji ya kunywa kichwani. Hakufanya kwa bahati mbaya. Alimwita, kuku akaja akidhani ni mtama, akammwagia, halafu akanitazama ametulia kama mchungaji. Leo kanisani walibatizwa watoto na yeye alikodoa macho muda wote. Nilitaka kumkaripia, nikacheka. Baadaye ndipo nilipoinamia mtungi nikaona chini kumebaki ya kupikia tu, na bomba halifunguliwi mpaka kesho.

Mwaka jana nisingewaza habari ya kikombe. Baba Lea, yaani Fabian mume wangu, ndiye mwendesha mashine ya maji hapa kijijini. Mashine iko juu kwenye kibanda na inakunywa dizeli, ila pampu yenyewe iko chini kabisa ndani ya kisima kirefu, imening'inia kwenye mabomba ya chuma yaliyoungwa moja baada ya jingine. Alipoanza kazi hiyo, akiwasha alfajiri tangi limejaa kabla watoto hawajaenda shule. Siku hizi watoto wanarudi kutoka shule na tangi bado. Mashine inanguruma vilevile, maji ndiyo yanayokuja membamba.

Wiki iliyopita alikuja fundi Swalihu kutoka Kongwa. Aliweka sikio kwenye bomba, akashika mkanda, akanusa moshi. Akasema mashine ya juu ni nzima, mgonjwa yuko chini. Huenda ni washa, vile vikombe vya ngozi vinavyosukuma maji ndani ya pampu, zimelika. Huenda ni bomba limetoboka. Huenda ni vyote. Kujua hawezi mpaka mabomba yote yavutwe yatoke nje, na siku hizo zote kijiji hakitakuwa na maji.

Jumatano, 8 Septemba

Kamati ya maji tumekaa leo. Mimi nimo tangu mwaka jana, Serikali iliposema kila kamati iwe na wanawake. Siku ile ya kuchagua nilikuwa nimekaa mbele kwa sababu ya mtoto, wakasema huyu amemaliza la saba, awe yeye. Mwenzangu ni Ruthu jirani yetu, mjane, ambaye hakuhitaji kuchaguliwa, alijitaja mwenyewe.

Mwenyekiti wetu ni Mzee Mazengo. Tulimweleza maneno ya fundi. Tukamweleza pia kwamba siku hizi hatuna pa kukimbilia, lori la Idara ya Maji halitembei tena vijijini, wamesema maji ni ya kijiji na matengenezo ni ya kijiji. Akasikiliza mpaka mwisho huku akichora chini kwa fimbo. Halafu akasema, "Haijafa. Ng'ombe anayetembea hachunwi."

Ruthu akamwambia basi tungoje afe tupate nyama. Watu wakacheka, mzee hakucheka. Akafunga kikao.

Nimerudi nimekasirika. Naona tuna mwenyekiti mwoga. Mtu anaona mtungi unavuja anasema tusubiri upasuke.

Jumapili, 12 Septemba

Upepo. Vumbi mpaka kwenye mlenda.

Ijumaa, 17 Septemba

Foleni ya leo imefika mpaka kwenye mti wa mnada. Wanawake wawili wa kule juu wamegombania zamu, mmoja amevunja ndoo ya mwenzake. Baba Lea amekaa kibandani hakutoka, maana akitoka wanamlaumu yeye, kana kwamba maji yanatoka mfukoni kwake. Jioni amerudi ananuka dizeli, Lea akamkimbilia hivyohivyo. Huyu mtoto nadhani anajua harufu ya dizeli kuliko ya sabuni.

Jumamosi, 25 Septemba

Hakuna jipya. Nimefua nguo za mtoto tu.

Jumamosi, 2 Oktoba

Leo nimelisikia neno ambalo sikulijua na limenigeuza.

Tulikuwa tunapepeta uwele na mama mkwe. Nikaanza kumsema Mzee Mazengo, kwamba ni mbishi, kwamba anaogopa spana. Mama mkwe si mtu wa maneno mengi. Akapepeta, akapepeta, kisha akaniuliza kama najua kile chuma kirefu nyuma ya shule, kile wanachofungia mbuzi. Nikasema ndiyo. Akasema ule ulikuwa mnara wa mashine ya upepo. Ilivuta maji vizuri, ila ikaanza kupiga kelele. Walikuja wataalamu, wakasema kabla haijaharibika zaidi waifungue. Wakakitoa kichwa chake chote wakakipakia garini kwenda nacho Dodoma, wakasema wiki moja.

"Mpaka leo ni hiyo wiki moja," akasema.

Mwaka ule watu walikunywa maji ya korongoni pamoja na ng'ombe. Watoto waliharisha. Walizikwa wengi, na wawili walikuwa wa nyumbani kwa Mazengo. Na aliyewakubalia wale wataalamu waifungue, akitia sahihi kwa dole gumba, alikuwa yeye.

Sikuendelea kupepeta. Nilimwangalia Lea anapanga makapi kwenye kifuu. Nimemsema yule mzee kwa mwezi mzima na kumbe anaogopa kitu cha kweli. Mashine inayougua inatoa maji kidogo. Mashine iliyofunguliwa haitoi kitu, na hakuna anayejua itafungwa lini.

Jumamosi, 9 Oktoba

Nimekwenda na Baba Lea kwa Mzee Mazengo. Nilimwamkia, nikapewa kigoda. Sikumwambia nimesikia habari zile. Nilimwuliza tu, je, kama vipuri vingekuwa hapa kijijini kwanza, tunaviona kwa macho, ndipo spana ishikwe? Na kama kitu chochote kitakachotolewa kisimani kisiruhusiwe kutoka kijijini, hata nati?

Akamwuliza Baba Lea kama mimi nimetumwa. Baba Lea akajibu kwamba nyumbani kwake anayetumwa ni yeye mwenyewe.

Hapo mzee akacheka kidogo. Akasema tuite kikao.

Alhamisi, 14 Oktoba

Kikao kirefu. Kununua vipuri kabla ya kujua ugonjwa ni kama kununua dawa kabla ya kupimwa. Fedha za mfuko wa maji zinatosha kununua washa au kununua bomba, vyote haviwezekani. Baba Lea akasema anaona ni washa, kwa kuwa maji yalipungua polepole, bomba likitoboka yangepungua ghafla. Swalihu, ambaye tulimwita, akasema huenda, ila tundu nalo huanza dogo. Ruthu akamwuliza yeye ni fundi wa nini basi ikiwa kila kitu huenda. Swalihu akasema yeye ni fundi wa kutoa, wa kuona kabla ya kutoa ni mganga, wapo huko kwao Ruthu, amwite mmoja.

Hawa wawili ni watani. Babu zake Swalihu walitoka Unyanyembe na misafara ya pembe, na Ruthu hachoki kumwambia kwamba walipofika Ugogo mizigo iliwashinda wakakaa. Swalihu naye anasema hawakushindwa, walizuiwa kwa kudaiwa hongo, ule ushuru wa kupita na kunywa maji, na ndiyo maana mpaka leo Mgogo hapendi kutengeneza kisima.

Tumeamua washa. Kwa kukisia, lakini kukisia kwa sababu.

Halafu lini? Swalihu anataka sasa. Mzee alitaka tungoje mvua ya kwanza, ili wakati kisima kiko wazi watu wapate walau madimbwi. Baba Lea akamwambia mvua ikishuka korongo linafunga barabara, Swalihu hatapita na winchi yake, na wanaume wote watakuwa shambani, nani atavuta mabomba. Mzee akasema mvua wewe unaijua itakuja lini? Baba Lea akasema siijui ndiyo maana nasema sasa.

Ikapita hoja ya sasa. Swalihu ana kazi ranchi kwanza, akimaliza tu anakuja.

Jumatano, 20 Oktoba

Washa zimefika kutoka Dodoma, nne. Pampu inachukua mbili, mbili za akiba. Ni vikombe vidogo vya ngozi nene, laini, vinanukia mafuta. Alizileta dereva wa lori la alizeti, kazinunua duka la Abbasi, na Abbasi amesema tushukuru tumepata saizi yetu. Zamani saizi ilikuwa moja nchi nzima, sasa kila duka na mali yake na kila mali na saizi yake.

Kamati imesema nizitunze mimi. Nilizileta nyumbani nimezifunga kwenye khanga kama mtoto. Nilipogeuka, Lea alikuwa na moja mdomoni.

Mama mkwe akasema chini zisikae, mchwa mwaka huu wamekula hata vitabu vya nyimbo kanisani. Akazifunga kwenye kitambaa akazipandisha darini juu ya moshi wa jiko, pale tunapoweka mbegu. Nimefurahi. Pale hapana mchwa, hapana panya, hapana Lea.

Jumatatu, 1 Novemba

Swalihu hajaja. Ranchi nako wamepata matatizo.

Jumapili, 7 Novemba

Joto. Wingu moja upande wa Kongwa, likaondoka.

Ijumaa, 12 Novemba

Swalihu hajaja. Baba Lea amewasha tangu alfajiri mpaka adhuhuri, tangi halikufika nusu. Wanawake wa kule juu wameanza kwenda korongoni kufukua mchanga. Mimi bado nachota bombani, ndoo mbili, halafu naanza kugawa moyoni: ya kunywa, ya ugali, ya mtoto. Mimi na Baba Lea tunaoga kwa kitambaa.

Ruthu amenipa nusu ndoo bila kuombwa. Akasema ni ya yule mchungaji wangu mdogo, akabatize kuku wengine.

Jumanne, 16 Novemba

Swalihu ametuma salamu, Jumatatu anakuja. Mawingu yanazidi. Mzee Mazengo amepita nyumba kwa nyumba mwenyewe akiwaambia watu wajaze kila kitu chenye mdomo. Sikutegemea. Nilipomsindikiza akaniambia, "Binti, nimekubali kwa sababu vipuri viko kwako. Bila hivyo nisingekubali." Nikasema ndiyo mzee.

Jumatatu, 22 Novemba

Wamevuta. Winchi juu ya miguu mitatu, wanaume wanazungusha, bomba linapanda, wanalibana, wanalifungua, wanalilaza. Hivyo hivyo kutwa. Mzee Mazengo amekaa kwenye jiwe anahesabu kwa macho kila kinachotoka. Watoto wote wa shule walikuja kuona, mwalimu naye akaja kuwafuata akabaki.

Pampu imetoka jioni. Washa zimelika zote, hazina hata mdomo. Na bomba moja la chini lina tundu linaloingia kidole. Kwa hiyo kila mtu alikuwa amekisia sawa.

Habari ya bomba Swalihu amesema haimtishi. Ataliacha hilo nje, pampu itaning'inia juu kidogo ya ilipokuwa. Ameshusha kamba yenye jiwe, kamba imelowa sana, maji yapo. Kesho tunaweka washa mpya.

Jumanne, 23 Novemba

Siandiki vizuri, mkono una masizi na machozi pia yamo, niseme ukweli.

Asubuhi walinituma nilete washa. Nilipanda kwenye kinu nikashusha kile kitambaa. Nilikiona kimekuwa chepesi. Sikukifungua. Nilitembea nacho mpaka kisimani na Lea mgongoni, watu wakanipisha njia kama bibi arusi.

Swalihu akafungua. Zilikuwa nyeusi, kavu, zimejikunja kama pembe. Akabonyeza moja ikapasuka katikati. Akabonyeza ya pili nayo ikapasuka. Hakuzigusa zile mbili nyingine. Akaniuliza nilizitunza wapi. Nikasema darini, juu ya moshi, na mbegu.

Hapo nilimwona anataka kucheka akajizuia, na huko kujizuia ndiko kulikonimaliza. Akasema polepole, "Shemeji, mbegu inataka kukauka. Ngozi hii inaishi kwa mafuta."

Kisha sauti za nyuma zikaanza. Si mlisema. Si mzee alikataa. Sasa imefunguliwa. Mwanamke mmoja akasema kwa sauti niisikie kwamba la saba hilo lilikuwa la wapi. Mama mkwe, ambaye hajawahi kusema mbele ya mkutano, akatoka kwenye kundi la wanawake akasema aliyezipandisha darini ni yeye, na kama kuna anayeweka mbegu yake kwingine amwoneshe. Nyumba zote hapa zinaweka darini. Na mimi nikasema nilikubali, nikafurahi, ni langu pia.

Nilimtazama Mzee Mazengo. Nilidhani atanisema. Alikuwa anaangalia ile pampu iliyolala juu ya gunia, na uso wake ulikuwa kama haupo hapa.

Swalihu akasema njia ni moja. Achukue pampu yenyewe aende nayo Dodoma, wapime palepale dukani wasikosee saizi. Mzee akasema, "Haitoki." Swalihu akaanza kueleza. Mzee akarudia, hakuinua sauti. Basi Baba Lea akaokota ile iliyopasuka, akaikunjua, akasema saizi ni hii hapa, inatosha kwenda yenyewe. Akaitia mfukoni, na lori la alizeti lilikuwa linapita, akadandia hata viatu hakubadili.

Wakati watu wanatawanyika Mzee Mazengo akazichukua zile mbili zilizobaki, ambazo hazikupasuka. Akasema zinanukia kama mkanda wa babu yake. Akaenda nazo kwake.

Jumatano, 24 Novemba

Mitungi imeisha kwetu. Jana jioni niliteka maji korongoni, nikayachuja kwa khanga. Kuni zilikuwa mbichi, sikuyachemsha sawasawa. Lea ameharisha tangu alfajiri. Nimemnywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko kama nesi alivyotufundisha, anameza, anatapika, nampa tena. Macho yake yamekuwa makubwa. Hachezi na kitu.

Nesi amesema niendelee vilevile, nisichoke.

Siwezi kuacha kufikiria wale wawili wa nyumbani kwa Mzee.

Alhamisi, 25 Novemba

Lea amelala bila kutapika tangu asubuhi. Amekojoa. Sijawahi kufurahia nguo iliyolowa namna hii.

Baba Lea hajarudi. Watu wa lori wanasema Dodoma imenyesha, na huku radi inasikika upande wa milimani. Kikao kimekaa palepale kisimani. Nilikwenda na mtoto kifuani.

Mzee Mazengo amezileta zile washa mbili. Alizilaza kwenye samli ya uvuguvugu tangu juzi, mke wake akizigeuza. Zimelainika, si kama zilivyokuja, ila zinakunjika. Swalihu akazipinda, akazinusa, akasema zinaweza kuingia.

Ruthu akamwuliza zitadumu? Swalihu akasema, "Zinaweza kufika Pasaka, zinaweza kufa Krismasi. Mimi sijui, na akitokea wa kuwaambia anajua, mfukuzeni."

Na yeye hawezi kukaa. Mvua ikishuka yeye na winchi yake wamefungwa upande huu mpaka masika yaishe, na ana kazi ya watu. Kwa hiyo ama tufunge leo na hizi za samli, ama tumngoje Baba Lea na mpya, ambaye hatujui yuko wapi, na huenda Swalihu akawa ameondoka na kisima kiko wazi.

Ruthu akasema tungoje. Kazi ifanyike mara moja, vizuri. Kuweka kitu tunachojua ni kibovu ni kujidanganya. Wengi wakamkubalia, na maneno yake yalikuwa na maana, hata mimi niliyasikia hivyo. Mzee akaniuliza mimi nasemaje. Nilidhani baada ya juzi hataniuliza tena.

Nikasema tufunge leo. Nikasema kisima kilicho wazi kina uhakika mmoja tu, kwamba hakitoi maji, na mtoto wangu ameshayanywa maji mengine mmemwona. Washa mpya zikija tusizitie sasa. Tuzitunze, ndani ya mafuta safari hii, mpaka mavuno. Mwezi wa sita barabara ni kavu, wanaume wana nafasi, tumwite Swalihu tuivute tena, ife isife.

Mzee akainua kichwa. Akasema, "Binti, sasa unataka kumchuna mara mbili anayetembea."

Sijui lilitoka wapi, labda kwa sababu ilikuwa siku ya kuogesha mifugo dawa ya kupe na vumbi lao lilikuwa linaonekana barabarani. Nikamwambia, "Si kumchuna, mzee. Ni josho. Ng'ombe mzima ndiye anayepelekwa joshoni, kwa siku iliyopangwa, na anarudi nyumbani siku hiyohiyo kwa miguu yake. Aliye mgonjwa hafiki."

Wafugaji waliokuwa pale wakaanza kuguna kwa kukubali, mmoja akasema kweli kupe hangojwi amnyonye ng'ombe mpaka afe. Mzee Mazengo akanitazama. Nilihisi nimekosa adabu. Halafu akamgeukia Swalihu akasema ashike spana, na mwezi wa sita aje bila kuitwa.

Ruthu akasema yeye bado anapinga lakini atavuta kamba.

Ijumaa, 26 Novemba

Wameshusha kutwa. Ruthu amevuta kweli, mpaka Swalihu akamwambia babu zake wangempata yeye wasingechoka njiani. Matone machache saa ya jioni. Swalihu ameondoka na winchi yake kwenye trekta ya misheni, anawahi kabla korongo halijajaa. Kufunga mkanda na kuwasha amemwachia Baba Lea, ambaye hayupo.

Lea amekula uji.

Jumamosi, 27 Novemba

Usiku mvua kubwa. Korongo limejaa, tumelisikia mpaka nyumbani.

Baba Lea amefika asubuhi hii, ameliacha lori ng'ambo na kuvuka kwa kushikwa mikono na wachungaji wa ng'ombe, viatu shingoni, washa mpya ndani ya kofia. Nilimweleza yote amesimama mlangoni anatiririka. Nilifikiri ataumia kuona safari yake imewekwa akiba. Akanisikiliza, akamshika Lea shavu, akauliza wameziweka na samli ya ng'ombe gani ili ampigie magoti. Akaenda kibandani hata chai hakunywa.

Washa mpya ziko kwenye chungu, zimezama ndani ya mafuta ya alizeti, mama mkwe amefunika kwa sahani na juu ya sahani ameweka jiwe. Hazungumzi nazo vizuri, anazipita kama mgeni aliyemwaibisha. Nimemwambia zile za kwanza zisingefika hata siku ile bila yeye, mchwa wangezimaliza. Amesema ninyamaze nimpikie mtoto.

Mashine inanguruma sasa. Naisikia kutoka hapa. Mabomba ni matupu, Baba Lea amesema itachukua muda maji kupanda mpaka juu, kama yatapanda. Watu wote wako kule. Mimi nimebaki kwa sababu Lea amesinzia mapajani na sitaki kumwamsha, na pia, niseme tu, kwa sababu naogopa kusimama pale nikitazama mdomo wa bomba.

Mzee Mazengo alipita hapa akielekea kisimani. Ameniambia niandike kwa chaki kwenye mlango wa kibanda, mwezi wa sita, ife isife. Nikamwambia tarehe peke yake haina mdomo, iwepo na majina ya watu wa kukumbusha. Akasema basi liandikwe langu na lake. Nikasema na la Ruthu, maana yeye alipinga, na aliyepinga hasahau. Mzee amecheka leo kwa mara ya pili tangu nimjue. Sasa nafikiria hata bomba lile lenye tundu, tukianza kuweka kidogokidogo kwenye mfuko baada ya kuuza alizeti, huenda kufikia hapo tukapata la kubadilishia, na kama mvua hizi zikiendelea vizuri pia

huyo Ruthu anaita kutoka njiani, Mama Lea, Mama Lea, yamefika, mekundu kama chai lakini yamefika, njoo na ndoo zote kabla hawa watu hawaja